Nyangumi wa Kolombia Katika Mkondo wa Unguja

Mwezi wa Agosti 2022, wakati wa kusi, palipigwa picha ya mkia wa nyangumi mmoja dume katika mkondo wa bahari unaoitenga Unguja na bara. Na picha hiyo, ilipolinganishwa na nyingine nyingi mno zilizohifadhiwa kutoka bahari zote za dunia, ilithibitisha kwamba nyangumi yule yule alikuwa amekwisha kuonekana mara mbili kabla ya hapo, mwaka 2013 na mwaka 2017, mbele ya pwani ya Kolombia iliyo upande wa Bahari ya Pasifiki. Masafa ya baina ya mahali hapo pawili, yakipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ni kilomita 13,046. Na kwa kuwa njia hiyo fupi imekatiza Amerika ya Kusini na Afrika, nako nyangumi hana miguu ya kupitia, alichokiogelea hakina budi kuwa kirefu zaidi sana. Ekaterina Kalashnikova na wenzake waliitangaza habari hii mwishoni mwa mwaka 2024, na tangu hapo imenukuliwa mahali pengi kama ajabu ya mbio na masafa. Kwangu mimi masafa ndiyo sehemu ndogo ya ajabu yenyewe, kwani nyangumi wa jinsi hii huenda mbali kila mwaka. Ajabu kubwa ni kwamba dume huyu aliiacha bahari ya kuzalia ya ukoo wake, akaingia katika bahari ya kuzalia ya ukoo mwingine.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kuijua kwanza desturi ya mnyama mwenyewe. Nyangumi mwenye nundu, ambaye akikomaa hufikia urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 25 hadi 30 au kuzidi, si samaki, bali ni mnyama anyonyeshaye, avutaye pumzi juu ya maji, na maisha yake yamegawanyika baina ya bahari mbili zilizo mbalimbali, moja ya kula na moja ya kuzaa. Wale wa nusu ya kusini ya dunia huyatumia majira ya joto ya huko kandokando ya barafu ya Antaktika, wakila uduvi ambao hujaa kwa makundi yasiyo na hesabu. Na baridi inapoingia, jua likaanza kuadimika, hugeuka kaskazini wakaogelea maelfu ya kilomita hadi bahari za joto, ambako majike huzaa na madume hushindania majike, na muda wote huo aghalabu hawali kitu, bali huishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini. Ndiyo sababu watu wa Kizimkazi, wa Watamu na wa pwani ndefu ya Msumbiji huwaona baina ya Julai na Oktoba, wakipita na watoto wao ubavuni, kisha wasiwaone tena mpaka mwaka wa pili.

Mimba ya nyangumi huyu huchukua miezi 11 hadi 12, hivi kwamba jike aliyepata mimba katika bahari ya joto mwaka huu huzaa katika bahari hiyo hiyo mwaka ujao. Na mtoto, akiisha kupata nguvu, humfuata mama kwenda kusini, akaonyeshwa njia na malisho, na wakati wa kuachishwa kunyonya huwa amekwisha kuihifadhi safari nzima, nayo huirudia umri wake wote. Hakuna ukuta baharini, wala mpaka uliochorwa, wala adui azuiaye njia. Kinachozitenga koo za nyangumi ni utii huu wa mtoto kwa njia ya mama, ambao umeendelea kizazi baada ya kizazi hata ukaacha athari katika damu, kwa maana wataalamu wakichukua kipande kidogo cha ngozi ya nyangumi na kukichunguza vinasaba vyake, hasa vile ambavyo hurithiwa kwa mama tu, huziona tafauti za koo wazi wazi. Kwa kufuata ushahidi wa namna hii, pamoja na ule wa kumbukumbu za wawindaji, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi imewagawa nyangumi wenye nundu wa kusini katika koo saba, zilizopewa herufi tangu A hadi G: wa Brazili ni A, wa Afrika ya Magharibi ni B, wa kwetu ni C, wa magharibi ya Australia ni D, wa mashariki yake na visiwa vya jirani ni E, wa Polinesia ni F, na wa Kolombia, Ekwado na nchi zilizo karibu nazo ni G. Ukoo wetu wa C nao una matawi yake, kwani kuna wa pwani ya bara tangu Msumbiji hadi Kenya, wa visiwa vya Komoro, wa Bukini, ndiko Madagaska, na wa visiwa vya Reunion na Morisi. Msomaji akifunua ramani ataona kwamba dume wa Kolombia, ikiwa alishika njia ya mashariki, aliziruka koo mbili nzima, ya Brazili na ya Afrika ya Magharibi, kabla ya kufika Unguja. Na ikiwa alishika ya magharibi, aliziruka tatu.

Kuyajua haya kumegharimu miaka mingi, na hapo mwanzo kuligharimu roho za wanyama wenyewe. Kuanzia miaka ya 1930 wachunguzi walikuwa wakiwapiga nyangumi kwa vijibomba vya chuma vyenye nambari, vikaganda katika mnofu, na habari haikupatikana mpaka mnyama awindwe, achunwe, na chuma kionekane. Yaani ilikuwa lazima afe ndipo ijulikane alikotoka. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970, pale watafiti wa Marekani, miongoni mwao Steven Katona wa jimbo la Maine, walipoonyesha kwamba upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu una mabaka meusi na meupe, makovu, na ukingo wenye mikato, ambavyo havifanani kwa nyangumi wawili, kama zisivyofanana alama za vidole vya wanadamu. Tangu hapo kalamu na kamera zikachukua nafasi ya bunduki. Lakini macho ya mtu huchoka, na picha ziliongezeka kupita kiasi cha macho. Kwa hiyo mikia mingi ilikaa katika makabati bila ya kulinganishwa, mpaka mwaka 2015 Ted Cheeseman alipoanzisha hazina ya picha iitwayo Happywhale, ambayo programu yake ya kompyuta huupokea mkia kutoka kwa yeyote, msomi au mtalii, ikautafuta katika hazina nzima kwa muda mfupi sana. Huyu wa Unguja alitambulika kwa njia hiyo.

Hakuwa wa kwanza kukhalifu desturi. Jike mmoja alipigwa picha Agosti 1999 katika kina kifupi cha Abrolhos, mbele ya Brazili, akapigwa tena Septemba 2001 mbele ya Bukini, umbali usiopungua kilomita 9,800. Na picha ya pili haikupigwa na mtaalamu, bali na mtalii aliyekwenda kutazama nyangumi. Mambo yake, yaliyoandikwa na Peter Stevick na wenzake mwaka 2010, yaliwashangaza wengi kwa kuwa alikuwa jike, na ilidhaniwa kwamba wanaotangatanga ni madume, ambao hawana mtoto wa kumlea wala sababu ya kushikilia mahali pamoja. Dume mwingine, aliyetambuliwa kwa vinasaba vya ngozi yake, alichukuliwa kipande mbele ya Bukini mwaka 2000, na miaka miwili baadaye akakutwa Gaboni, upande wa pili wa Afrika, baada ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na si jinsi hii peke yake yenye wasafiri wa namna hiyo. Mwaka 2011 nyangumi wa kijivu, jike aliyeitwa Varvara, alifungwa kifaa cha satelaiti karibu na kisiwa cha Sakhalin cha Urusi, nako ilidhaniwa kwamba nyangumi wa huko ni kundi dogo lililojitenga na wenzao wa Amerika. Akaivuka Pasifiki ya kaskazini hadi mahali pa kuzalia pa Meksiko, kisha akarudi Sakhalin, safari ya kilomita 22,511 kwenda na kurudi. Kwa mnyama mmoja, dhana ya miaka mingi juu ya kundi lile ikalazimika kufikiriwa upya.

Njia ya kumfikisha nyangumi wa Kolombia katika mkondo wa Unguja haiwezi kutafutwa kwenye bahari za joto, ambako mabara yanaikatiza. Inatafutwa kusini kwenye malisho. Bahari iliyoizunguka Antaktika ni duara moja lisilokatika, na mkondo wake mkuu huenda mashariki pasipo kuzuiwa na nchi yoyote. Kila ukoo una upande wake wa duara hilo, wa Kolombia wakilisha zaidi karibu na rasi ya Antaktika ielekeayo Amerika ya Kusini, wa kwetu wakilisha kusini ya Bahari ya Hindi; lakini kando za malisho haya hugusana, na huko nyangumi wa koo mbili huweza kula pamoja miezi mitatu minne. Si jambo lisilowezekana basi kwamba dume, akifuata uduvi upande wa mashariki mwaka baada ya mwaka, akajikuta miongoni mwa wageni wakati baridi inapoingia, na wageni wale walipogeuka kaskazini, akageuka nao. Watafiti wenyewe wametaja sababu kadha zinazoweza kumsukuma mnyama: kwamba mabadiliko ya tabia ya nchi yanauhamisha uduvi, kwamba koo zimeongezeka tangu uwindaji ukomeshwe, na madume yasiyopata majike kwao yanakwenda kujaribu kwingine, au kwamba kutafuta mahali papya ni tabia iliyokuwako siku zote, ila kamera ndizo mpya. Mimi naielemea hii ya mwisho, bila ya kuzikana nyingine, kwa kuwa kiumbe ambaye asili yake yote ni safari, na ambaye koo zake zimetapakaa katika kila bahari ya dunia, hakutapakaa kwa utii peke yake. Lazima palikuwako waasi.

Waasi hao huchukua mzigo mmoja ambao hauonekani katika picha wala katika vinasaba, nao ni wimbo. Dume, na dume pekee, huimba katika majira ya kuzaa, wimbo wenye mafungu yanayorudiwa kwa utaratibu, ambao unaweza kudumu dakika kadha hata nusu saa, akimaliza akaanza tena, na akaendelea hivyo kwa masaa. Roger Payne na Scott McVay ndio walioufafanua utaratibu huo mwaka 1971. Madume wote wa ukoo mmoja huimba wimbo mmoja kwa msimu, ukabadilika pole pole kwa wote pamoja, na ukoo ulio mbali una wimbo wake. Katika mwaka 1996, mashariki ya Australia, miongoni mwa waimbaji 82 waliorekodiwa, Michael Noad na wenzake walisikia wawili wakiimba wimbo tafauti kabisa, na walipoulinganisha wakautambua kuwa ni wimbo wa nyangumi wa magharibi, upande wa Bahari ya Hindi. Mtu angetazamia kwamba wageni wawili kati ya themanini watamezwa na wenyeji. Yaliyotokea ni kinyume: mwaka uliofuata wengi walikuwa wamekwisha kuushika wimbo wa wageni, na kufikia mwaka 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umetoweka, na ukoo mzima wa mashariki ukiimba wa magharibi. Ellen Garland na wenzake walizifuatilia baadaye nyimbo za miaka 11, wakaona zikisafiri kutoka Australia kwenda mashariki, kisiwa baada ya kisiwa, hata zikafika Polinesia ya Kifaransa, kila wimbo ukichukua takriban miaka miwili njiani. Sidhani kuna mfano mwingine nje ya wanadamu wa jambo lililofundishwa na wachache, likapokewa na umati, likaenezwa katika masafa makubwa namna hii, kwa upesi namna hii. Na lote hilo lilitegemea wanyama wachache ambao hawakurudi walikotoka, au waliolisha kando ya jirani msimu mmoja.

Kwa damu, faida ya wageni ni ya polepole zaidi lakini ni kubwa. Hata wageni wachache sana kwa kila kizazi, wakizaa huko waendako, hutosha kuzuia koo mbili zisitengane kabisa, na huziongezea utajiri wa kurithi ambao huzisaidia kustahimili maradhi na mageuzi ya mazingira. Na koo hizi zina haja ya msaada huo, kwa kuwa katika karne ya ishirini waliuawa nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini peke yake, wakaletwa kwenye viwanda vya bandarini kama kile cha Durban kilichofanya kazi tangu 1908 hadi 1975, au wakachunwa baharini juu ya merikebu kubwa. Uwindaji wao kusini ulipigwa marufuku mwaka 1963. Lakini meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri, na hesabu walizozipeleka kwa Tume zilikuwa za uongo, mpaka wataalamu wa Urusi wenyewe, miongoni mwao Alexey Yablokov, walipoufichua ukweli katika miaka ya 1990, kwamba maelfu kwa maelfu waliuawa bila ya kuandikwa. Kwamba koo nyingi zimefufuka tangu hapo, baadhi yao kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, ni neema ambayo hatukuistahiki.

Upo ukoo mmoja ambao haukufufuka, nao ni jirani yetu wa karibu. Katika Bahari ya Uarabuni, mbele ya Dhofari, visiwa vya Hallaniyat na ghuba ya Masira, huishi nyangumi wenye nundu wasiohama kwenda barafuni kabisa. Upepo wa kusi, ule ule ulioyajaza matanga ya majahazi yaliyokuwa yakirudi Omani kutoka Unguja na Lamu, huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Dhofari, na mahali pake hupanda maji baridi ya kilindini yenye rutuba, samaki wadogo na uduvi wakazaa kwa wingi. Hivyo nyangumi hawa wamepata malisho na mahali pa kuzalia katika bahari moja, nao wakakaa. Wamekaa muda mrefu sana, kwani vinasaba vyao vyaonyesha kwamba wametengana na wenzao kwa miaka ipatayo 70,000. Idadi yao mbele ya Omani imekadiriwa kuwa chini ya mia moja. Na katikati ya miaka ya 1960 meli za Kisovieti ziliingia bahari hiyo zikaua zaidi ya 200, na ni kwa kuwapasua hao ndipo ilipojulikana kwamba matumbo yao yalijaa chakula, na kwamba mimba zao zilifuata majira ya nusu ya kaskazini ya dunia.

Hapo ndipo penye uzito. Kwa karne nyingi watu wa Sur na Maskati walikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi, wakaoa, wakazaliana, wakachanganya lugha na nyimbo. Na chini ya majahazi yao walikuwako nyangumi wa koo mbili, wa Omani na wa Afrika ya Mashariki, ambao hawakuchanganyika. Sababu kubwa si masafa, maana kutoka Unguja hadi Dhofari si mbali kwa mnyama awezaye kutoka Kolombia, bali ni wakati. Wa kwetu wapo katika bahari ya joto Julai hadi Oktoba, wakitaka kuzaa. Wa Omani huzaa na kupandana mwanzoni mwa mwaka, wakati ambapo wa kwetu wako Antaktika wakila. Mgeni wa kusini akifika Dhofari mwezi wa Agosti atawakuta wenyeji wako katika kula, hawana haja ya mchumba. Mlango ambao dume wa Kolombia alipita Unguja, kwa sababu nyangumi wa Kolombia na wa Unguja hufuata majira ya kusini pamoja, kwa Omani umefungwa miezi yote kumi na miwili.

Kwa hiyo siafikiani na wale ambao, wakisoma habari za wasafiri hawa wa ajabu, husema kwamba bahari ni moja na nyangumi ni wamoja, na kwamba pakiharibika hapa watakuja wengine kutoka kule. Mgeni mmoja kati ya maelfu hubadilisha wimbo, na kwa vizazi huchanganya damu, lakini hajazi bahari iliyomalizwa. Na kwa ukoo ambao hakuna mgeni awezaye kuufikia kwa majira yake, kila jike anayenaswa wavuni ni hasara isiyolipika. Mwishoni mwa mwaka 2017 jike mmoja wa Omani, aliyepewa jina la Luban, alifungwa kifaa cha satelaiti, naye akaivuka Bahari ya Uarabuni hadi kusini-magharibi ya India. Hilo lilionyesha kwamba nyumba yao ni pana kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba njia za meli kubwa na nyavu za kutega za nchi zaidi ya moja zimo ndani yake, na kumlinda mbele ya Omani tu hakutoshi.

Katika pwani yetu ukoo wa C haujafikwa na hali hiyo, lakini nyavu zipo, na mashua za kuwapeleka watalii huongezeka kila msimu wa kusi. Nahodha anayetaka kuufaa uchunguzi huu hana haja ya chombo chochote zaidi ya simu yenye kamera nzuri na subira: abaki mbali, asimkatize mnyama njia wala asimtenge mama na mtoto, apunguze injini, akae upande wa nyuma, na mgongo unapopindika kwa kuzama, mkia ukainuka, ndipo apige, kisha aandike siku na mahali.